Tuliambukizwa pamoja, mbona mdogo wangu hakuugua?

SWALI: Mwaka 2021 mimi na mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, tulikutwa na Uviko-19 siku moja. Hatukuwa tumechanja. Mimi nililala siku tisa na homa. Yeye akawa anadeki na kupika kama kawaida. Je, ni mambo ya kurithi?

JIBU: Pole sana, dada. Kwa sehemu, inawezekana.

Seli zako hukatakata protini zilizo ndani yake na kuanika vipande kwa nje, kama muuza nafaka anavyoweka mchele kidogo kwenye sinia mbele ya duka ili mpita njia ajue ndani kuna nini. Sinia hizo ni protini za HLA, zilezile zinazolinganishwa ndugu anapotaka kumtolea mwenzake figo. Wapita njia ni seli T, askari wa kinga ya mwili. Zikiona kipande cha kirusi, huiua seli hiyo.

Sinia hutofautiana, na si kila sinia hushika kila kipande. Julai 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha matokeo ya Wamarekani weupe 1,428 walioambukizwa kabla ya kuchanjwa. Kati yao, 136 hawakuwa na dalili yoyote. Aina ya HLA-B*15:01 ilionekana kwa asilimia 20 ya hao, na asilimia 9 tu ya walioumwa. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili alikuwa na nafasi zaidi ya mara nane ya kutoona dalili.

Sababu yake hunifurahisha kila ninapoieleza: sinia hiyo huanika kipande kinachokaribia kufanana na cha virusi vya mafua ya kawaida, OC43 na HKU1. Seli T zilizowahi kupambana na mafua hayo hukitambua mara moja. Mtu ameambukizwa kweli, ila kirusi hudhibitiwa mapema.

Sasa ninyi wawili. Kila mzazi ana seti mbili za jeni zinazounda sinia hizi na humpa mtoto moja. Kwa hiyo ndugu wa tumbo moja wana nafasi moja tu kati ya nne ya kufanana kabisa.

Lakini siwezi kusema mdogo wako anayo aina hiyo bila kipimo. Wengi wasio na dalili katika utafiti ule hawakuwa nayo. Umri na wingi wa virusi alivyovuta vina nafasi yake pia. Tena sinia nzuri kwa Uviko si lazima ifae kwa dengue au homa ya ini, kwa hiyo chanjo zake asiziache.