Kwa mnaoanza kusaka waundaji wa boti za mifereji: someni chuma kwanza

Nimeletewa tena fomu ambayo jina la muundaji limenakiliwa kutoka kwenye kibao cha shaba kando ya mlango wa chumba cha injini. Aliyeijaza ni kijana mwerevu, mwenye mwandiko mzuri, na ameandika jina lisilo lake mahali pasipo pake. Wa kabla yake alifanya vivyo hivyo. Kwa hiyo wadogo zangu mnaoingia kazi hii ya udalali na ukaguzi huku Midlands, katikati ya Uingereza, naomba tuelewane mapema.

Boti nyembamba nyingi za chuma zilizoundwa Uingereza tangu miaka ya 1970 zimepita mikono miwili au zaidi. Mmoja alikata mabamba na kuyachomelea. Mwingine akalichukua ganda tupu, yaani mwili wa chuma wa boti, akaweka mbao, mabomba, nyaya na injini. Kibao mara nyingi ni cha huyu wa pili, kwa kuwa ndiye aliyemkabidhi mteja funguo. Ukimwandika kuwa ndiye muundaji wa ganda, unampa sifa au lawama ya mishono ambayo hakuigusa.

1. Boti ikishapanda chelezoni, pale nchi kavu inapokaguliwa, na kuoshwa, izungukeni toka omo (mbele) hata tezi (nyuma) kabla ya kufungua faili. Tazameni ukanda wa ubavuni: ni nusu duara au bapa, na umemalizwaje pale omoni? Bamba la chini limechomoza nje ya mbavu kidogo, au limekatwa sawasawa nazo? Mbavu zinaanza kujikunja wapi kuelekea rafadha, ile panga inayosukuma boti? Kila fundi ana mkono wake. Boti za Springer wa Market Harborough, kwa mfano, zina sehemu ya chini yenye umbo la V, na mkizizoea mtazitambua kabla hazijatoka majini sawasawa. Lakini msidanganywe na omo ya Josher. Ule mtindo ni wa boti za kampuni ya Fellows, Morton & Clayton iliyoanzishwa 1889, umeitwa hivyo kwa jina la Joshua Fellows, na mafundi kadha wa kadha wameuiga. Unaonyesha mwenye boti alipenda nini. Haukutajii fundi.

2. Namba ya utambulisho ya ganda, ile yenye herufi na tarakimu 14, imekuwa ya lazima tangu Juni 1998. Itafuteni tezini upande wa kulia, chini ya rangi, kwa vidole kama macho hayaoni. Baada ya herufi za nchi kuna herufi tatu za aliyeisajili boti, kisha namba ya mfululizo, mwezi kwa herufi kuanzia A ya Januari mpaka L ya Desemba, tarakimu ya mwaka wa kuundwa, na mbili za mwaka wa modeli. Ikiishia C404, ni Machi 2004. Mpaka hapo wote mnaelewa. Mnapoteleza ni kwenye zile herufi tatu, ambazo zinaweza kuwa za aliyemalizia boti, au hata za taasisi iliyoikagua baadaye. Kama boti iliuzwa ikiwa ganda, dai tamko la boti isiyokamilika. Hiyo ndiyo karatasi aliyosaini mwenye chuma.

3. Kuna boti moja ya futi 57 ambayo nitaisimulia mpaka mniambie mmechoka. Ililetwa ofisini kwetu ina kibao kizuri, na jina la kwenye kibao likaingia kwenye tangazo: ganda na umaliziaji, vyote vya mtu mmoja. Mnunuzi alikuwa mstaafu, mtaratibu, aliyekuwa akitafuta kazi ya fundi huyo kwa muda mrefu. Aliweka amana, akalipia chelezo, akalipia mkaguzi.

Mkaguzi akaanza kupima bamba la chini kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, kuanzia omoni akirudi nyuma, na kila kipimo akakiandika kwa chaki: 5.6, 5.7, 5.5, 5.6. Bamba la milimita sita lililozeeka vizuri. Alipofika chini ya bafu kipimo kikasoma 9.7. Akakwangua lami, akapaka jeli upya, akapima tena: 9.8. Iliendelea hivyo kwa mita tatu, kisha ikarudi 5.6 mpaka tezini. Hakuna aliyesema neno. Mnunuzi alikuwa amesimama pale pale, anazisoma namba za chaki mwenyewe.

Boti ilikuwa imekatwa katikati na kurefushwa. Kurefusha si dhambi, na kazi yenyewe ilikuwa safi. Kilichoniuma ni kwamba ushahidi wote tulikuwa nao. Kanda za ubavuni zilikuwa na viungo viwili kila upande, vilivyolingana kulia na kushoto. Ndani ya faili, leseni ya zamani ilisema mita 14.33 na ya sasa 17.37. Karatasi hizo zilibanwa pamoja kwa pini moja na hakuna aliyezisoma kwa pamoja, kwa sababu kibao kilikuwa kimeshatupa jibu. Wahenga walisema hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani tumboni mwa chombo. Kwa boti ile ilikuwa hivyo hasa.

Mzee yule hakupandisha sauti. Aliomba amana yake, akaipata, na gharama za ukaguzi tukamrudishia sisi, ila ile imani aliyokuja nayo hatukuwa na namna ya kumrudishia. Baadaye tulithibitisha kuwa ganda la mwanzo lilitoka karakana moja, kipande cha kati kilichomelewa kwenye yadi nyingine, na mwenye kibao alifanya kazi ya mbao tu. Mikono mitatu, na tulikuwa tumetangaza mmoja.

4. Namba ya leseni ya Canal & River Trust, au ya British Waterways kabla ya 2012, yaani wasimamizi wa mifereji, hutolewa boti inaposajiliwa kutumia mifereji hiyo. Inasaidia kufuata majina na urefu uliobadilika. Haitoki kwa muundaji.

5. Boti za zamani za mizigo zinaweza kuwa rahisi kuliko hizi za starehe, na hili huwashangaza wageni. Kampuni ya Grand Union Canal Carrying iliagiza boti zake nyingi miaka ya 1930, baadhi kwa Harland & Wolff pale Woolwich, nyingine kwa Yarwood wa Northwich, ndiyo maana wazee wa mifereji husema tu "hii ni Woolwich" na mjadala unaisha. Kampuni kubwa huacha mikataba. Ndivyo ilivyo kwa meli yetu ya Liemba ya Ziwa Tanganyika: kila anayeijua anajua ilitoka kwa Meyer, Papenburg, 1913. Karakana ya watu watatu nyuma ya ghala iliacha nini? Labda daftari la risiti, na mafundi waliostaafu.

6. Watafuteni hao mafundi wangali hai. Wapigieni simu kwa heshima, pelekeni picha za ndani ya sanduku la mitungi ya gesi, za kifuniko cha rafadha, za omo kutoka chini. Msimtajie mzee jina mnalolishuku, maana kwa wema wake atalikubali. Mwacheni aangalie mishono kwanza.

Kama baada ya hayo yote hamjapata, nafasi ya muundaji wa ganda iandikwe "haijathibitishwa", na chini yake muorodheshe mlichokiona na mlichopima, pamoja na tarehe. Bei itashuka kidogo na mwenye boti atanuna. Mwiteni chelezoni mumwonyeshe.