Vipele baada ya kuanza dawa ya kifafa

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 13, ana kifafa. Wiki tatu zilizopita alianzishiwa kabamazepini. Tangu juzi ana vipele vyekundu kifuani na mgongoni, vinamwasha. Jirani anasema ni joto tu. Nimwachishe dawa? – Mama, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Joto la Tanga nalijua, lakini hapa naishuku dawa kwanza, na kinachonitia shaka ni hizo wiki tatu. Mzio wa dawa hizi mara nyingi hujitokeza kati ya wiki ya 2 na ya 8, wakati nyumbani mmeshaizoea dawa na hakuna anayeifikiria tena.

Mpeleke hospitali leo, kabla ya dozi ya jioni. Usimwachishe mwenyewe kimyakimya, maana dawa ya kifafa ikikatwa ghafla degedege linaweza kuja mfululizo. Daktari akiisimamisha, ataweka nyingine mahali pake.

Kabla hamjatoka, mtoe kwenye mwanga. Mwambie afungue mdomo, utazame midomo na ndani ya mashavu. Macho je, mekundu? Akikojoa anachomwa? Gusa vipele: vinawasha tu, au ngozi yenyewe inauma? Ukiona vidonda mdomoni, malengelenge, ngozi inayochubuka, homa, uso kuvimba au tezi za shingo, usimpe kidonge kingine hata kimoja. Hiyo ni dharura, muda wowote, hata usiku wa manane. Mzio wa namna hiyo huweza kubandua ngozi kama ya mtu aliyeungua, na aina nyingine hushambulia ini huku ngozi ikionekana si mbaya sana.

Ikithibitika ni kabamazepini, iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadi yake. Hapa ndipo wengi hukosea: mgonjwa anahamishiwa fenitoini au fenobabitoni, ambazo ni ndugu zake kabisa, na vipele vinarudi. Lamotrijini nayo huleta vipele, hasa dozi ikipandishwa haraka. Levetirasetamu ni pole zaidi kwa ngozi. Valproeti pia, ila kwa binti anayekua mimi siikimbilii, kwani akija kupata ujauzito humdhuru mtoto tumboni.

Beba paketi ya kabamazepini pamoja na kila dawa aliyomeza miezi hii miwili, hata Septrin ya kikohozi, maana nayo inajulikana kwa mzio wa aina hiihii.