EF ngapi, na siku ya ngapi?

Mdogo wangu unayeanza kushika probu ya eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, hapa Dodoma, mgonjwa wa shambulio la moyo akishalala kitandani, wodi nzima itakuuliza: EF ngapi, yaani ventrikali ya kushoto, chumba kikuu cha kusukuma damu, inatoa asilimia ngapi ya damu yake kwa kila pigo? Usikimbilie kujibu. Kwanza ujue maumivu yalianza lini. Wagonjwa wetu wengi wanatoka mbali, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni, na wapo waliotibiwa vidonda vya tumbo kwanza. Msuli ulionyimwa damu unaweza kuzubaa kwa siku au wiki kadhaa ilhali uko hai, hata kama mshipa wa moyo umeshazibuliwa pale Hospitali ya Benjamin Mkapa. EF ya asilimia 35 siku ya pili si hukumu. Ndiyo maana uamuzi wa kumwekea mtu kifaa cha kushtua moyo kwa kawaida husubiri angalau siku 40, au miezi 3 baada ya kuzibuliwa. Andika kwenye ripoti ni siku ya ngapi.

Kisha zitazame kuta za moyo moja moja. Ukuta wenye afya hunenepa moyo unapojikaza; ulioumia unaweza kuburutwa tu na jirani yake, nawe ukadhani unafanya kazi. Angalia unene, usidanganywe na mwendo. Ukuta wa chini ukilegea, pima na ventrikali ya kulia.

Kwenye ncha ya moyo nakusihi ukae. Bonge la damu hujificha pale, hasa wiki 2 za kwanza baada ya ukuta wa mbele kuumia. Probu ikikaa juu mno, inaikata ncha: moyo unaonekana mfupi, EF inapanda bure, bonge halionekani. Mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, shuka nafasi moja ya mbavu, punguza kina cha picha. Mwambie taratibu, "Mzee, toa pumzi yote, tulia hapo." Ncha ya kweli ni nyembamba na karibu haisogei, ukiiona inarukaruka, bado hujaifikia. Hata foleni ikiwa ndefu nje, dakika hizo usizipunguze, kwa sababu bonge likikatika linaweza kwenda kwenye ubongo.

Na mgonjwa aliyekuwa nafuu akikosa pumzi ghafla ndani ya wiki ya kwanza, moyoni ukisikia mvumo mpya, usingoje zamu yake. Weka Dopla ya rangi, inayoonyesha damu inavyotiririka, kwenye valvu ya mitrali, mlango wa kuingilia ventrikali ya kushoto, kisha kwenye ukuta unaotenganisha ventrikali, na umwite bingwa ukiwa bado na probu mkononi.