Muulize Mwalimu: "Wastani wa shule yetu uko chini. Tumhamishe mtoto?"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Chamazi, Dar es Salaam. Mwanangu wa kiume yuko darasa la tano, shule ya serikali ya hapa mtaani. Kwenye mkondo wao wamebanana, wanapita mia na ishirini. Juzi kijana wa jirani alinifungulia matokeo ya darasa la saba kwenye simu. Shule yetu ina wastani wa 150 na ushee, watahiniwa zaidi ya mia mbili. Shule binafsi ya Kiingereza iliyo barabara ya pili ina wastani wa 250, watahiniwa 27. Baba yake anataka tuuze kiwanja tumhamishe. Mimi nasita. Hizo alama mia za tofauti ni walimu wetu hawafundishi, au kuna jingine? – *Mama wa darasa la tano, Chamazi*

JIBU: Marahaba, mama. Kiwanja kisiuzwe kwanza.

Wastani uliouona ni kati ya 300, maana masomo ni sita na kila moja lina alama 50. Kuanzia 121 hadi 180 ni daraja C, na C ni kufaulu. Kwa hiyo shule yenu haijazama kama baba anavyodhani. Ila swali lako ni zuri, na jibu lake liko kwenye hiyo namba nyingine uliyoitaja: 27.

Shule binafsi humpokea mtoto kwa usaili. Anayeyumba hukaririshwa, au mzazi huitwa ofisini akashauriwa kwa upole atafute kwingine kabla usajili wa mtihani haujafungwa. Si shule zote, lakini nimekuwa mwalimu mkuu Temeke na watoto hao nimewapokea mimi, wengine bado wamevaa soksi ndefu za shule waliyotoka. Sisi wa shule za serikali hatuna usaili. Mtoto akija na mzazi wake na barua ya uhamisho, anaingia. Alama zake dhaifu zinahesabiwa kwangu, na shule aliyotoka inabaki ikimeremeta.

Halafu kumbuka elimu bila malipo ilipoanza, mwaka 2016. Waliokuwa wanauza karanga stendi waliletwa shule, wengine wana miaka tisa hawajawahi kushika kalamu. Kundi hilo la darasa la kwanza lilifika darasa la saba mwaka 2022, na watahiniwa nchi nzima wakaruka kutoka milioni 1.1 na kitu mwaka uliotangulia hadi zaidi ya milioni 1.3. Madarasa hayakuruka hivyo, walimu ndiyo usiseme. Kwenye matokeo ya mwaka huohuo Baraza la Mitihani likaacha kutangaza shule kumi bora, nami nikashukuru. Kila Desemba nilikuwa naitwa kikaoni kueleza kwa nini shule yenye watoto elfu mbili haiwezi kuishinda yenye mia mbili.

Sasa mwambie huyo kijana afungue tena ukurasa, safari hii msiangalie wastani. Kuna kajedwali kenye mistari ya WAS na WAV, wasichana na wavulana, na safu za madaraja A hadi E. Hesabu A na B za shule yenu. Sitashangaa ukikuta ni wengi kuliko watahiniwa wote wa ile shule ya jirani, na hao wamefundishwa na walimu walewale unaowatilia shaka. Kisha hesabu D na E. Zikiwa theluthi ya darasa, hapo nami nitaanza kuwa na wasiwasi. Tazama pia WAV. Wewe una mtoto wa kiume, na ukiona wavulana ni wachache mno kuliko wasichana, kuna waliopotea njiani. Shinyanga, nilikoanzia kazi, walipotelea machungani na machimboni. Huku kwenu ni sokoni, kubeba mizigo na kuuza mifuko.

Baada ya hapo nenda shuleni, ofisini kwa mwalimu mkuu. Usiende na hasira. Ukutani utakuta karatasi za manila zilizoandikwa kwa kalamu nene: idadi ya wanafunzi kwa darasa na jinsi, ikama, yaani idadi ya walimu inayotakiwa, madawati, matundu ya vyoo. Kila moja ina safu za mahitaji, yaliyopo na upungufu. Soma safu ya upungufu. Kiwango ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, na tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25. Muulize nani anafundisha Hisabati na Kiingereza darasa la tano, na kama anaingia darasani kweli. Mwalimu mkuu anayejua kazi atakujibu bila kupekua faili.

Kuna jambo la tatu, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Mwanao alikuwa darasa la tatu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza. Kundi lake linamaliza elimu ya msingi darasa la sita, mwaka 2027, sambamba na wale wa darasa la saba wa mtaala wa zamani. Maana yake anamaliza mwakani! Ukimpeleka leo shule ya Kiingereza, Hisabati na Sayansi atazifanya kwa lugha ambayo hajaizoea. Nao wanalijua hilo, watakwambia arudi darasa la tatu au la nne. Utalipa ada ya mwaka mmoja au miwili kumfikisha pale alipo sasa.

Angekuwa darasa la kwanza na hela mnayo, ningenyamaza. Kwa sasa mwacheni. Mtafutieni mwalimu wa Kiingereza na Hisabati jioni, watoto wanne watano wakichangia haizidi uwezo wenu, kwa sababu kidato cha kwanza atafundishwa kwa Kiingereza hata akiwa shule ya kata. Na wewe mama, uchaguzi wa kamati ya shule ukifika, chukua fomu. Mia na ishirini kwenye mkondo mmoja ni hoja ya kupeleka kwa mtendaji wa kata na kwa diwani, na huwa wanaisikia zaidi ikitoka kwa mzazi kuliko kwa mwalimu mkuu anayeogopa kuhamishwa.