Jibu: Kwa nini maghala ya sufu ya Teneriffe, mtaa wa jiji la Brisbane, Australia, yamekuwa nyumba ghali, na mnunuzi akague nini?

Mkuu, kilichoiua Teneriffe ya viwanda ni bandari. Meli zilipokuwa kubwa, shughuli za Brisbane zilisogea hadi mdomoni mwa mto, na maghala yakabaki matupu. Mwaka 1991 jiji likaunda kikosi kazi cha kufufua mitaa hiyo ya kando ya mto, wajenzi wakafuata. Jirani hapo New Farm, kiwanda cha sukari cha kampuni ya CSR nacho kikageuzwa makazi.

Sasa ukaguzi. Maghala yale ni ya matofali kwa nje, nguzo na sakafu za mbao ngumu kwa ndani. Paa la meno ya msumeno halikuwa urembo: madirisha yanatazama kusini ili wanunuzi wa sufu wapate mwanga usio na jua kali. Sakafu za mbao hupitisha sana kelele, kwa hiyo nenda jioni, majirani wa juu wakiwa nyumbani. Uliza pia akiba ya mfuko wa matengenezo makubwa wa wamiliki. Majengo mengi yanalindwa kama urithi, na dirisha moja tu kubadilishwa linaweza kuhitaji kibali.

Lifti nzuri isikulevye. Shuka chini kwenye maegesho. Tazama mita na swichi kuu ya umeme zimewekwa kimo gani, kisha linganisha na ripoti ya mafuriko ya kiwanja hicho, ambayo Halmashauri ya Jiji hutoa bure mtandaoni. Mwaka 2011 mto ulifika mita 4.46 kwenye kipimo cha katikati ya jiji, na 2022 mita 3.85. Ghorofa ya tano haitalowa, ila umeme ukikatwa chini, lifti nayo imekwisha.