Gari na Umeme Wake: Redio za Japani, Kamera za Rivasi na Betri Inayokufa Usiku

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja. Mtu ananunua gari lililotoka Japani, anakutana na redio isiyoshika stesheni za hapa, anabadilisha redio, anataka na kamera ya nyuma, kisha anatuandikia kuuliza betri imepatwa na nini. Zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Mafundi, poleni na kazi. Nina Toyota IST yenye redio yake ya Kijapani. Inashika stesheni mbili tu na maandishi siyaelewi. Fundi mmoja anataka kunifungia ekspanda, mwenzake anasema niitupe, ninunue ya Android yenye skrini kubwa. Nimsikilize yupi?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Inategemea stesheni unazopenda ziko wapi kwenye bendi. Redio nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani hushika FM ya megahezi 76 hadi 90, na za kwetu zimepangwa kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana unapata zile mbili tu za mwanzoni. Ekspanda hukaa kati ya waya wa antena na redio, ikiyashusha masafa kwa kiasi kimoja kisichobadilika. Ikiwa ni ya megahezi 20, stesheni ya 100.5 utaikuta kwenye 80.5. Lakini redio yako ina nafasi ya megahezi 14, na bendi yetu inazidi 20. Haiwezi kuenea yote. Kwa ekspanda hiyo, kila kilicho chini ya 96 umekikosa, pamoja na hizo mbili unazozipata sasa. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza inashusha megahezi ngapi, halafu piga hesabu kwa stesheni zako. Zikiingia, funga tu. Redio ya asili ya Toyota ina sauti safi kuliko Android nyingi za bei ya chini. Ukitaka Bluetooth na kamera, hapo ndipo ubadilishe.

Ukiamua kubadilisha, anza na rula. Nafasi ya redio kwenye Toyota za Japani ina upana wa milimita 200 na kimo cha 100, wakati redio nyingi za kawaida za dukani ni 178 kwa 100. Bila vipande vya kuziba, kila upande unabaki na uwazi wa milimita 11, na kwa vumbi la Dodoma hiyo ni njia ya kuingilia ndani ya dashibodi. Zile za inchi 9 zinataka fremu ya gari lenyewe, na mwaka pia: fremu ya IST ya kwanza (2002 hadi 2007) haikai kwenye ya pili.

Kisha nyaya, na hapa ndipo redio mpya nyingi zinapofia. Rangi za nyaya za redio ya dukani na rangi za plagi ya Toyota hazina undugu. Kwenye redio ya dukani, njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni ACC (umeme unaokuja ukigeuza ufunguo hatua ya kwanza), nyeusi ni bodi (hasi). Kwenye plagi kubwa ya Toyota ya pini 10, umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, ACC ni kijivu, bodi ni kahawia, na kijani ni taa za dashibodi. Sasa tazama plagi ndogo ya pini 6: nyekundu na nyeupe ni spika ya nyuma kulia, nyeusi na njano ni spika ya nyuma kushoto. Anayeunganisha njano kwa njano na nyekundu kwa nyekundu ameipeleka njia ya umeme ya redio kwenye spika. Kijivu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kijivu cha redio ya dukani ni spika ya mbele kulia. Ukikiunga na kijivu cha Toyota umeingiza volti 12 moja kwa moja kwenye amplifaya ya redio, na ukifungua swichi mara moja tu inatosha kuiua.

Dawa ni kununua plagi ya kuunganishia ya Toyota, ile inayochomekwa kwenye soketi ya gari bila kukata waya wowote, na hata hiyo uipime. Weka mita ya kupimia umeme kwenye volti DC 20, ncha nyeusi kwenye chuma cha bodi. Swichi ikiwa imefungwa, waya unaosoma volti 12 na kitu ndio wa kudumu. Geuza hadi ACC: utakaoongezeka ndio ACC. Washa taa ndogo: utakaoongezeka tena ni wa taa za dashibodi. Ukishazijua, fungua kichwa cha hasi cha betri kwa spana namba 10 ndipo uunge. Usisokote na kuzungushia solotepu; gundi yake huyeyuka kwenye joto la dashibodi iliyoegeshwa juani na nyaya zinabaki uchi. Tumia risasi ya kulehemu na mpira wa kusinyaa, au viunganishi vya kubana kwa koleo.

Nyaya hasi za spika usiziunge kwenye bodi hata kama fundi atasema "hasi ni hasi". Redio za siku hizi husukuma umeme pande zote mbili za spika, ukiupeleka upande mmoja kwenye bodi redio inajizima au inaungua. Na ule waya wa bluu wa antena usiuache ukining'inia. Toyota nyingi zenye antena fupi zina kikuza mawimbi kinachohitaji volti 12 kutoka kwenye redio. Bila hizo, mjini utasikia vizuri, ukifika Bahi stesheni zimekwisha.

Maandishi ya "50W x 4" kwenye boksi yasikusisimue. Redio isiyo na amplifaya ya pembeni hutoa kama wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika, iwe ya bei gani.

SWALI: Nilibadilisha betri ya gari, redio ya asili sasa inaandika maneno ya Kijapani na haicheki wala hailii. Imeharibika?
Msomaji, Area C, Dodoma

JIBU: Haijaharibika, imejifunga. Redio nyingi za ramani za Toyota zikikatiwa umeme hudai SD kadi yao ya ramani, na kadi ya redio nyingine kwa kawaida haikubaliki. Tafuta kama kadi ilitolewa ikawekwa muziki, hutokea sana. Kuna zinazodai namba ya siri aliyoiweka mmiliki wa Japani. Hizo zina namna yake ya kufunguliwa kwa kutumia namba ndefu inayotokea kwenye skrini, ipige picha kabla ya kwenda kwa fundi. Safari nyingine betri ikibadilishwa, ishikizie betri nyingine kwa jampa kwanza, ukiangalia sana kwamba kichwa cha chanya hakigusi bodi.

SWALI: Shikamooni. Nina Noah na redio ya Android tayari. Nimenunua kamera ya nyuma, nataka mwanangu anifungie. Lazima bodi itobolewe? Na mbona ya jirani yangu picha yake inatetemeka mistari?
Mama Noah, Kisasa, Dodoma

JIBU: Marahaba, mama. Kutoboa si lazima. Zipo kamera za kufunga kwa skrubu za pleti namba, na zipo zinazochukua nafasi ya taa ya pleti namba. Ya kutoboa hukaa vizuri zaidi, lakini tundu lake (kwa kawaida milimita 18 hadi 20, mara nyingi msumeno wake huja ndani ya boksi) lipakwe rangi pembezoni kabla ya kuvishwa kamera, la sivyo kutu itaanzia hapo.

Kamera inachukua umeme kwenye taa ya rivasi, ili iwake gari likiwa rivasi tu. Mwambie afungue swichi bila kuwasha injini, handibreki juu, jiwe la kuzuia kwenye tairi, gia rivasi, kisha apime soketi ya taa hiyo: upande wenye volti 12 ni chanya ya kamera, hasi yake iende kwenye bodi palipokwanguliwa rangi. Aweke fyuzi ndogo ya ampea 1 au 2 njiani. Kamera yenyewe haifiki hata robo ampea.

Waya wa picha wa mita 6 unaotoka na kamera nyingi unafaa kwa Vitz na IST. Kwa Noah huenda usifike kwenye dashibodi, anunue wa mita 10. Upite ndani ya ule mpira wa bawaba za mlango wa nyuma, si pembeni yake, maana mlango ukifungwa mara mia unakatwa. Kutoka hapo unashuka nyuma ya plastiki, unapita chini ya plastiki za vizingiti vya milango hadi kwenye dashibodi. Penye nguzo zenye maandishi ya SRS kuna mfuko wa hewa. Waya upite nyuma ya mfuko, kamwe usipite mbele yake.

Pembeni ya waya wa picha kuna uzi mwembamba mwekundu, na mafundi wengi huuacha. Ncha yake ya nyuma inaungwa kwenye chanya ya taa ya rivasi, ya mbele kwenye waya wa redio ulioandikwa BACK au REVERSE. Huo ndio unaoiambia redio ibadilishe skrini. Usipoungwa, kamera inawaka lakini itabidi uitafute kwa kidole kila mara.

Skrini ikiwa nyeusi au picha ikigawanyika, kabla ya kuirudisha dukani ingia kwenye mipangilio ya redio. Kamera za siku hizi nyingi ni za AHD (mfumo wa picha kali), na redio ikiwa imewekwa CVBS (mfumo wa zamani) hazielewani. Ijaribu moja baada ya nyingine, na PAL na NTSC (mifumo miwili ya video) vilevile. Kuhusu mistari ya jirani: kama alibadilisha balbu za rivasi akaweka za LED, au gari lake linaendesha taa kwa kompyuta, umeme wa pale unakuja kwa mapigo na kamera inauonyesha. Tiba ni rilei (swichi inayowashwa kwa umeme): taa ya rivasi iamshe rilei tu, kamera ipate umeme safi kutoka ACC.

Kazi ikiisha, mtu asimame nyuma kwenye kona ya kulia ya gari. Kwenye skrini aonekane kulia pia. Akionekana kushoto, kamera imepangwa kama ya mbele. Kwenye waya wake kuna kitanzi kidogo, mara nyingi cha kijani au cheupe, kinachokatwa kugeuza picha. Maelezo ya rangi yako kwenye karatasi yake, asikate kwa kubahatisha. Mistari ya kijani, njano na nyekundu haijapimwa kwa gari lako: panga matofali mita moja na mita mbili nyuma ya bampa, uone yanaangukia wapi. Lenzi pana huonyesha kitu kiko mbali kuliko kilivyo.

Na kama Noah ilikuja na kamera yake ya Japani unataka kuitumia hiyo, asiipe volti 12. Nyingi za asili za Toyota hutumia volti 6, zinahitaji kipunguza volti.

SWALI: Tangu niweke redio ya Android gari likilala siku mbili haliwaki. Betri ni mpya. Shida ni redio?
Msomaji, Manyoni, Singida

JIBU: Pima kabla ya kulaumu. Mita iwe kwenye ampea 10, fungua hasi ya betri, mita ikae kati ya kichwa hicho na nguzo ya betri. Funga milango, toa ufunguo, subiri dakika 20 hadi 30 kompyuta za gari zilale. Usiwashe injini wala taa wakati mita ipo, fyuzi yake itakatika. Chini ya ampea 0.05 gari ni zima. Ukiona 0.5, basi kwa saa 48 umepoteza ampea-saa 24, na betri ndogo ya magari haya ina kama 35. Haiwezi tena kuzungusha stata.

Chomoa fyuzi ya nyuma ya redio. Namba ikishuka, mwizi ni redio. Mara nyingi mwekundu na wa njano vimeungwa pamoja kwenye umeme wa kudumu, fundi akitaka redio isisahau stesheni. Hamishia mwekundu kwenye ACC. Kama tayari uko ACC, kwenye mipangilio kuna muda wa kulala: weka redio izime kabisa baada ya nusu saa badala ya kulala siku tatu ikinywa umeme. Itachelewa kidogo kuwaka asubuhi, kasoro hiyo vumilia. Na redio inayosahau saa na stesheni kila ukizima ina ugonjwa wa kinyume: wa njano umewekwa ACC.

SWALI: Fuso yangu ni ya betri mbili, volti 24. Fundi anataka kuchukua umeme wa redio kwenye betri moja ili apate volti 12. Ni sawa?
Mfanyabiashara wa mahindi, Kibaigwa

JIBU: Mkatalie. Betri hiyo moja itashushwa na redio kila siku huku jenereta ikizichaji zote mbili kama kitu kimoja. Ya redio haijai, mwenzake inazidishiwa, na zote zinakufa kabla ya wakati. Nunua kipunguza volti cha 24 kwenda 12 cha ampea 10 au 15 za kudumu, si za kilele, na kifungwe penye hewa. Ukiweka na kamera, kumbuka taa yako ya rivasi ni volti 24: soma kamera kama imeandikwa 12–24V, na ule waya wa REVERSE wa redio usiupe 24. Pitisha kwenye rilei ya volti 24 itakayoupelekea 12 ya kipunguza volti.

SWALI: Kamera yangu ilikuwa safi, sasa inaonyesha ukungu mchana na usiku.
Msomaji, Kondoa

JIBU: Kama ukungu uko ndani ya kioo, maji yameingia, badilisha. Kama uko nje, ni mikwaruzo ya kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Vumbi la kiangazi ni mchanga, limwagie maji kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Utakaponunua nyingine chagua yenye lenzi ya kioo na alama ya IP67 (haipitishi vumbi wala maji) au zaidi; za plastiki hupauka kwa jua hata usipozigusa.