Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: Nani Aliyeigawa Dar es Salaam?

SWALI: Bibi yangu, mzaliwa wa Kariakoo ambaye sasa tunaishi naye Mbagala, bado huyataja mambo ya Uzunguni na Uhindini. Mimi nikipita mjini naona watu wa kila asili. Je, mipaka hiyo iliwekwa kisheria, na iliondokaje?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Bibi yako anasema kweli. Kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891 iliugawa mji kwa aina ya majengo, lakini asiyekuwa na uwezo wa kujenga nyumba ya mawe ya mtindo wa Kizungu hakupata nafasi karibu na bahari, yaani Uzunguni, na waliokosa uwezo huo walijulikana: wengi wao walikuwa Waafrika. Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916, waliuendeleza mgawanyo huo: waliacha uwanja wa Mnazi Mmoja wazi baina ya Uhindini na Kariakoo, na baadaye wakaijenga Oysterbay kwa ajili ya Wazungu.

Baada ya uhuru, nyumba za Oysterbay zilianza kukaliwa na viongozi Waafrika. Uhindini ulibadilika kwa kishindo zaidi mwaka 1971, Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, chombo cha Serikali cha kusimamia nyumba hizo. Familia nyingi za Kihindi zilihama nchi, na hasara yao haipaswi kusahaulika, ingawa milango ilifunguka kwa wapangaji ambao awali wasingeota kuishi huko. Ukiinua macho katikati ya mji utaona ghorofa za zamani zenye jina la mjenzi na mwaka vilivyochongwa juu ya baraza, na chini yake nguo za familia nyingine zimeanikwa.

Kariakoo, yaani Uswahilini ya enzi hizo, ilikuwa na mchanganyiko wake tangu zamani. Katika nyumba moja ya Kiswahili, yenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, mwenye nyumba Mzaramo aliweza kuwapangisha Mmanyema, Mnyamwezi na Myao, wote wakipikia ua mmoja. Kinachowatawanya leo ni bei ya kiwanja: warithi huuza au huingia ubia na mjenzi, ghorofa la maduka hupanda, nao huhamia Mbagala au Chanika. Ndiyo maana siku hizi neno “uswahilini” hutajwa kwa Manzese na Tandale, likimaanisha kipato kuliko asili ya mtu.

Muulize bibi nyumba yao ilikuwa mtaa gani, nani walipanga humo, na kiwanja kiliuzwa lini. Majibu yake yaandike angali anakumbuka.